Mume wangu ametolewa mtoto wa jicho, lakini ulimi wake hautaki kuachana na asali

Shangazi Dorika,

Nakuita shangazi kama wasomaji wako wote, ingawa nikisoma majibu yako nahisi huenda nimekuzidi umri, lakini leo nimebanwa na sina pa kupumulia, kwa hiyo shikamoo, na nakuomba unisome mpaka mwisho kabla hujaanza kunigombeza, maana najua utanigombeza tu.

Naitwa Anifa, nimeolewa hapa Singida, nyumbani kwetu ni Unyambwa, na mume wangu Abdulhamidi ana duka la asali mjini alilorithi kwa baba yake, na kama umewahi kununua asali kwetu basi ujue ilipita kwanza mdomoni mwa mume wangu, na hapo sitanii, kwa sababu ndivyo anavyofanya kazi, wafugaji wa nyuki wanaleta ndoo kutoka porini, yeye anachovya kijiti, anaweka ulimini, anafumba macho, anameza, halafu anakwambia hii nyuki wamekula maua ya alizeti, hii imevunwa haijakomaa ina maji, hii mmeichakachua kwa sukari ya kuchemsha ifungeni mwende nayo, na watu wanafunga ndoo na kuondoka kimya, maana na mtu mwingine watabishana lakini na ulimi wa Baba Ashrafu habishani mtu.

Sasa huyu mtu ana kisukari, Shangazi. Alipoambiwa aliitikia vizuri kabisa, siwezi kumsingizia, sukari ya dukani ilitoka nyumbani kwetu siku hiyohiyo, soda hagusi, kwenye harusi za watu anasukuma sahani ya tambi mbali kama imeoza, dawa anameza, lakini asali Shangazi, asali kwake si sukari, asali ni dawa, imetajwa kwenye Kitabu, inatoka kwenye maua na sio kiwandani, na babu yake mzaa mama, Mnyaturu wa Ilongero, aliila mpaka anakufa mzee na meno yake yote kinywani, basi mimi mwenyewe kwa mkono wangu namkorogea kwenye uji wa uwele kila asubuhi, na anaingia dukani hapo anachovya kijiti kutwa nzima, na mwenyewe anasema kuonja si kula.

Macho yakaanza kuingia ukungu, yote mawili, tukaambiwa ni mtoto wa jicho. Mwanzoni alificha, akawa anamimina chai nje ya kikombe na kusema meza imeinama, lakini dukani ndiko kulikomuumbua, kwa sababu zamani alikuwa akiitazama tu ndoo kwenye mwanga anajua ya kuonja na ya kurudisha, sasa rangi haoni, akawa anaonja zote, anaonja na kurudia. Wakati huo bwana nyuki wa kata alimletea kidude fulani kama kibomba kifupi, unaweka tone la asali kwenye kioo chake, unakielekeza nje kwenye mwanga na kuchungulia, unaona kama buluu juu na nyeupe chini, na pale zinapokutana ndipo panapokwambia maji yamezidi au hayajazidi, wenzake wa vikundi vya asali wote wanavyo. Yeye alikichungulia akakirudisha akasema hiki ni cha watu wasio na ulimi. Mimi nilikuwepo, Shangazi, nilijua hakuona kitu mle ndani. Kimetundikwa msumarini nyuma ya mlango wa duka mpaka leo, na mtoto wetu Ashrafu alipokigusa siku moja baba yake akamfokea mbele ya wateja, unataka watu waseme nimekufa?

Basi walipokuja madaktari bingwa wa macho tukampeleka, wakamtoa mtoto wa jicho la kulia, siku moja na mzee Hosea wa Ilongero ambaye ni mfugaji anayetuletea asali na hana kisukari wala ugonjwa wowote, kesho yake walipofunguliwa bandeji Hosea alimtambua kila mtu mpaka aliyekuwa mlangoni, na mume wangu naye akageuka polepole akanitazama, akanitazama, mpaka nikaanza kuona haya kama msichana, akaniambia, Mama Ashrafu, mbona umezeeka bila kuniaga? Nilicheka huku nalia, nesi akafikiri nimepata tatizo.

Daktari alitueleza siku ileile kwamba huyu si sawa na Hosea, mwenye sukari jicho lake linataka uangalizi zaidi na linaweza kuchelewa kutulia, tuishushe sukari, turudi kila tunapoitwa, halafu la kushoto nalo litafanyiwa. Siku za mwanzo alikuwa anasoma mpaka maandishi madogo ya kwenye chupa ya dawa ya matone, anatusomea kwa sauti kama taarifa ya habari. Halafu ukungu ukarudi, safari hii katikati, anasema sura ya mtu anaiona pembeni lakini pua na macho vimefutika. Tukarudi hospitali, sukari ikapimwa iko juu sana, daktari akasema jicho la kushoto haligusi mpaka ishuke, na hili la kulia anataka alichunguze kwa nyuma, akatupa tarehe, kisha akamuuliza, mzee, unakula vitu vitamu? Akajibu, daktari, sukari sijaigusa tangu mliponikataza. Daktari akanigeukia mimi. Nikatikisa kichwa kukubali. Si kweli hajaigusa? Lakini nilitoka mle ndani kama mtu aliyeiba.

Nje ya geti akaniambia kwa upole kabisa, na ule upole ndio unaoniumiza, Mama Ashrafu, ukimwambia daktari habari za duka umenivua nguo, atanikataza kuonja, na mimi nikikatazwa kuonja nabaki nani pale mjini? Na ni kweli, huo ulimi ndio jina lake. Na jambo jingine linalonichanganya, Ramadhani iliyopita daktari alimruhusu kufunga kwa masharti, tukapima tukaona sukari imeshuka vizuri, nesi akampongeza, na dukani alikuwa anaonja vilevile kama kawaida, anaonja anatema kwa sababu ya saumu, jioni anafuturu vizuri na uji wa pilipili manga hataki uwe mtamu, kwa hiyo yeye anasema mnaona, asali haina kosa, kosa ni la walionipasua.

Sasa amekata tamaa. Anasema Hosea anaendesha baiskeli na mimi nahesabiwa vidole, wameniharibia, sirudi tena. Na kuna kijana anaitwa Gasto, anatuletea asali naye, amemwambia asali ya nyuki wadogo, wale wasiouma, ukidondosha tone jichoni ukungu wote unakwenda, bibi yake alipona hivyo, na ameahidi kuileta kwenye chupa safi akija na ndoo zake. Mume wangu anamsubiri huyo Gasto kama anasubiri mwezi uandame.

Nifanye nini, Shangazi? Nikimwambia daktari nimemsaliti mume wangu, nikinyamaza namtazama anapofuka. Sijaolewa jana, sitaki makubwa, nataka tu anitazame tena kama siku ile ya bandeji, hata akiniambia nimezeeka.

Majina ukitaka yabadilishe, lakini haitasaidia, muonja asali wa hapa kila mtu anamjua.

Mama Ashrafu,
Unyambwa, Singida


SHANGAZI DORIKA ANAJIBU

Marahaba, Mama Ashrafu, na mambo ya umri tuyaache hapohapo.

Namba ya simu uliyoniandikia nyuma ya bahasha niliipiga siku niliyopata barua yako, kwa sababu gazeti lisingemuwahi Gasto. Tulikubaliana kwamba hiyo chupa haifunguliwi karibu na jicho, na narudia hapa kwa ajili ya wengine wenye chupa kama hizo kabatini. Jicho lililopasuliwa lina kidonda, hata kama hukioni. Haliwekwi asali, iwe ya nyuki wadogo au wakubwa, iwe kwenye chupa safi au chafu. Haliwekwi maziwa ya mama wala maji ya majani. Linawekwa matone aliyoandika daktari na mikono iliyonawa, basi. Na likiuma, likiwa jekundu, likitoa uchafu, au uoni ukipungua ghafla, usingoje tarehe, nenda siku hiyohiyo. Bibi yake Gasto namheshimu, lakini hatujui alikuwa anaumwa nini, na Gasto pia hajui.

Haya, sasa nianze kukugombeza kama ulivyoagiza.

Asali ni sukari. Mama Ashrafu, soma tena sentensi hiyo, halafu msomee mwenye nyumba. Sibishani na Kitabu na wala sibishani na babu wa Ilongero na meno yake. Asali ina mengi mazuri. Lakini ikishuka tumboni mwa mwenye kisukari, damu haiulizi kama imetoka kiwandani au kwenye ua la alizeti, inapanda tu. Nyumba nzima mlifukuza sukari kwa mlango wa mbele mkaikaribisha kwa mlango wa nyuma, tena ikiwa imelala kwenye uji, na mkorogaji ni wewe! Nakuhurumia, kwa sababu ulikoroga kwa mapenzi, na watu wa kwenu mmelelewa mkiamini asali ni dawa ya kila kitu. Ila kuanzia kesho asubuhi huo uji ni mtupu. Akinuna, anune. Na usije ukamnyima chakula kwa hasira wala kumpunguzia au kumwongezea vidonge kwa akili yako, maana sukari kushuka kupita kiasi nako ni hatari. Kiasi cha chakula na dawa atakipanga daktari, akishaujua ukweli.

Nilimwuliza daktari wa macho, bila kutaja jina, kuhusu huo ukungu wa katikati. Hakutaka kusema ni nini kabla hajaona jicho, na mimi siwezi kumshinda. Lakini alinieleza hivi. Kilichotolewa kilikuwa kioo cha ndani kilichochafuka, kikawekwa kipya. Nyuma ya kioo hicho kuna sehemu inayopokea picha, ina mishipa midogo ya damu, na sukari ikikaa juu kwa muda mrefu mishipa hiyo inavuja na ile sehemu inavimba. Mtu anapata kioo kipya kizuri, lakini ukuta wa nyuma umelowa. Hiyo ni sababu mojawapo. Kuna nyingine, mojawapo ni ngozi nyembamba iliyo nyuma ya kioo kipya kuingia ukungu, na hiyo hutibiwa kwa mwanga maalumu kwa muda mfupi tu. Kwa ule uvimbe kuna matone, kuna sindano, kuna mwanga pia, inategemea. Alisisitiza jambo moja niliandike kwa herufi nene, na mhariri akakataa herufi nene, kwa hiyo naliandika hivihivi: wagonjwa wengi wa kisukari wanaona vizuri baada ya kutolewa mtoto wa jicho. Wanachelewa kidogo, wanachunguzwa mara nyingi zaidi, lakini wanaona. Wanaopoteza ni wale wanaosusa.

Mume wako hakuharibiwa na mtu. Kama angekuwa ameharibiwa, nani alikuwa anawasomea chupa ya dawa kwa sauti ya taarifa ya habari? Aliona. Jicho lile lilifanya kazi, na kinachohitajika ni kurudi ile tarehe lichunguzwe kwa nyuma na matone ya kupanua mboni, mapema, kabla ukungu haujazoea pale. Na jina la Hosea lisitajwe tena nyumbani kwenu kwa habari ya macho. Hosea hana kisukari, aendeshe baiskeli yake kwa amani.

Sasa swali lako lenyewe. Umwambie daktari? Ndiyo. Yote. Uji, kijiti, kutwa nzima. Ulipotikisa kichwa kukubali siku ile ulimfunga daktari kitambaa usoni, na huyo ndiye mtu unayemtegemea akaone ndani ya jicho la mumeo. Lakini usimsemee nyuma ya mgongo. Mume mstaarabu aliyekuomba kwa upole unamjibu kwa upole. Mkae wawili, Ashrafu asiwepo, umwambie hivi: "Baba Ashrafu, tarehe ikifika tunakwenda, na daktari akiuliza utamwambia mwenyewe kuhusu duka. Ukinyamaza nitasema mimi, na nitasema mbele yako." Kisha unyamaze. Atapaza sauti, au atakaa kimya, na kile cha pili ndicho kibaya zaidi, ukivumilie. Kumvua mtu nguo ni kumwacha gizani ukijua swichi ilipo.

Ila naona kitu kinachokutisha wewe si daktari, ni lile swali lake, "nabaki nani?" Hilo si swali la kipuuzi, na yeyote anayemcheka hajawahi kuwa na kazi anayoijua kuliko watu wote mjini. Nimelala nalo. Halafu nikarudia barua yako, nikakuta jibu umeliandika wewe mwenyewe mara mbili na ukalipita kama mtu anayepita dukani kwake bila kusalimia.

La kwanza, Ramadhani. Umesema alionja vilevile, anaonja anatema. Mama Ashrafu! Mwezi mzima ulimi ulifanya kazi na koo lilipumzika, uji wa asubuhi haukuwepo kwa sababu ya saumu, futari haikuwa tamu, sukari ikashuka, nesi akampongeza, halafu mkakaa mkasema asali haina kosa. Jamani! Niambie, mwezi ule kuna ndoo hata moja iliyochakachuliwa ikapita? Hukuniandikia, na kama ingepita ungeniandikia. Basi ulimi wake haumhitaji ameze. Alivyofanya kwa ajili ya Mungu mchana wa saumu, akafanye mwaka mzima kwa ajili ya macho aliyopewa na Mungu huyohuyo. Weka kikombe cha maji na kopo la kutemea pale dukani. Ashangae nani? Wote walimwona akitema mwezi mzima na hawakusema amekufa. Kutema nako kunabakiza kidogo mdomoni, kwa hiyo asukutue, na aonje ndoo chache, si zote. (Na kufunga kwenyewe, kila mwaka amuulize daktari kwanza, kama mlivyofanya. Ruhusa ya mwaka jana si ya mwaka huu.)

Utaniuliza, achague vipi ndoo za kuonja? Hapo ndipo pa pili, palipotundikwa msumarini.

Kile kidude hakikuwa cha watu wasio na ulimi. Mumeo alikichungulia akiwa na mtoto wa jicho, hakuona kitu, akaona aibu, akakitukana. Ni haki yake, hata mimi ningekitukana. Lakini ile ilikuwa kabla ya upasuaji, Mama Ashrafu. Hajakichungulia tena tangu afunguliwe bandeji, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Nenda kakitoe, pangusa vumbi, usikipeleke na mahubiri. Kiweke mezani kwake pamoja na tone la asali nzuri, umwambie tu, "Baba Ashrafu, hebu nitazamie hii." Leo jicho lina ukungu, huenda ule mstari wa buluu na nyeupe akauona umefifia, au umeyumba, au asiuone kabisa. Asiudhike. Auone kwa macho ya Ashrafu kwanza: kijana asome, baba aseme kama kijana anadanganya au la, maana kichwani mwake anajua asali ile ina maji au haina. Hivyo kijana anajifunza kwa bwana wake na bwana bado ni bwana. Kidude kinapima maji tu, hakijui aliyechemsha sukari, kwa hiyo ile ndoo inayotia shaka itarudi kwa ulimi. Itarudi mara chache. Na jicho la kulia likitibiwa, na sukari ikishuka la kushoto likafanyiwa, ule mstari atausoma mwenyewe, na rangi ya ndoo ataiona tangu mlangoni kama zamani. Ule mstari ndio utakaompimia maendeleo yake. Kila akitoka kliniki akautazame.

Mwambie na hili kutoka kwangu, mimi nisiyemjua. Alianza kumeza asali nyingi kwa sababu macho yalimkimbia, akaupa ulimi kazi ya macho. Sasa jicho limerudi kazini, limekuta kazi yake imechukuliwa. Airudishe.

Tarehe ya hospitali msiikose hata mvua ikinyesha. Kipimo cha sukari kifanyike kama mlivyoelekezwa, na majibu myabebe kwenda nayo. Wewe Mama Ashrafu ukanunue khanga mpya ya rangi kali, uivae siku hiyo ya kliniki, ukae mbele yake upande wa kulia. Anayetaka kutazamwa na ajitokeze.

Na huyo Gasto akija na ndoo zake, mpokeeni vizuri, mumpe chai. Chupa yake arudi nayo. Akae kitini asubiri, na amkute mume wako amefunga mdomo na amefungua jicho.